Walichokifunika kwa picha ya mikono yako

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, wilaya ya Newala. Msimu uliopita walikuja watu wa televisheni kutengeneza kipindi cha korosho, wakanihoji karibu nusu saa. Nilisema bei ya mnada ni nzuri, ila mkulima haipati yote mkononi kwa sababu ya makato, na kwamba makato hayo tuliyapitisha wenyewe kwenye mkutano mkuu na yamebandikwa ukutani ofisini. Kipindi kilipotoka nikajisikia nasema "mkulima haipati yote mkononi", basi. Ukafuata muziki wa kutisha na mlango wa ofisi yetu umefungwa. Kijijini sasa naitwa mwizi. Baba yangu anasema zamani televisheni haikuwa hivi, ikisema jambo limekwisha. Ni kweli vipindi hivi vimeharibika, au ndivyo vilivyokuwa siku zote? Wakirudi tufanyeje? Na malalamiko haya nimpelekee nani? Au nimwambie baba aache tu kutazama?

Jibu:

Marahaba, dada. Pole. Jina la wizi kijijini halifutiki kwa sabuni, najua.

Kipindi chenu nimekitafuta, nikakitazama mara tatu. Mara ya tatu nilizima sauti, maana ukizima sauti ndipo unapoona fundi alipopita. Unaanza kusema, tunauona uso wako. Unapofika kwenye "haipati yote", picha inaruka kwenye mikono yako inayopanga stakabadhi juu ya meza. Sauti inamalizia "mkononi" huku mikono bado ipo, halafu ndiyo huo mlango. Uso wako haurudi tena.

Mikono ile imefunika mkato. Mtu akihojiwa kisha maneno yake yakakatwa katikati, kichwa chake kinaruka kwenye kioo, na hata mtoto atajua kuna kitu kimeondolewa. Ndiyo maana mkimaliza mahojiano mpiga picha hubaki nyuma akachukua vitu vidogo vidogo: mikono, saa ya ukutani, rundo la magunia, kuku anayepita. Nina hakika kwako alifanya hivyo, na ninyi mkadhani amependa ofisi. Vile ni viraka. Mhariri wa picha akikata sentensi anabandika kiraka juu, na sauti inapita chini yake kama maji chini ya mkeka.

Lakini tusimwonee mtu. Kukata si dhambi. Nusu saa ya maneno yako haiwezi kuingia nzima kwenye kipindi chenye watu tisa, na ingeingia nzima hata baba yako angesinzia. Mimi hupima hivi: waliokuwepo ukisema, wakisikiliza kilichobaki, watasema "ndivyo alivyosema"? Kwako hawawezi. Ulitoa neno pamoja na sababu yake. Sababu ikaachwa kwenye kompyuta, neno likaachwa lijitafutie sababu nyingine, na muziki ukalisaidia kuipata.

Najua hayo kwa sababu nimeyafanya. Nilikaa upande ule wa kamera miaka mingi kabla sijarudi Mtwara kufundisha. Mwaka mmoja tulitumwa Tandahimba kutengeneza makala ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, iliyochelewa kuwafikia wakulima. Gari la mfadhili, mafuta ya mfadhili, siku mbili tu, na skripti nilikuwa nimeiandika Dar es Salaam kabla hata sijaijua njia ya kwenda kwenye kile kijiji. Tukampata mzee mmoja mwenye mikorosho mingi. Nikamuuliza, akasema: salfa imechelewa, kweli, lakini hata ingewahi, mwaka huu mvua imenyesha wakati wa maua. Hilo la mvua halikuwemo kwenye skripti. Nikamuuliza tena. Akarudia vilevile, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Mara ya tatu akachoka, akasema "Salfa imechelewa" akanyamaza. Nikamwambia asante mzee.

Ikabaki picha yangu mimi ninayemsikiliza. Mzee alikuwa ameshaondoka kwenda kuswali Alasiri. Basi nikakaa chini ya mkorosho, mbele yangu kigoda kitupu, nikatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba yupo. Mpiga picha akasema, "Mara moja tena, kaka, uso ulikuwa mkavu." Nikakitikisia kichwa kigoda mara ya pili. Kwenye kipindi inaonekana namsikiliza mzee kwa makini kabisa.

Baadaye tulikutana stendi ya Tandahimba. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikupa kuku mzima, wewe umewaonyesha watu unyoya."

Sasa hilo la baba yako. Ana haki nusu. Huku Bara televisheni tumeipata juzi tu: Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, sisi tukasubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza, na ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kabla ya hapo ilikuwa redio, Radio Tanzania Dar es Salaam, na imani ambayo wazee waliipa redio ile waliihamishia kwenye kioo bila kukihoji. Jogoo akiwa mmoja kijijini, nani atabishana naye kuhusu alfajiri? Tena kumbuka umbali. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la Dar es Salaam lilisubiri kivuko cha Rufiji, na masika Kusini tulikuwa kama kisiwa. Hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilitutoa jasho miaka mingine mingi. Mwandishi aliyefika Newala mara nyingi alifika kwenye msafara wa waziri, na aliondoka nao. Alionyesha waziri akikata utepe, na utepe kweli ulikatwa. Baba hakudanganywa sana kwa sababu hakuonyeshwa mengi.

Huko aina hii ya vipindi ilikozaliwa nako, mambo yalichanganyika tangu mapema. BBC ya Uingereza ilianza kipindi cha Panorama Novemba 1953. Marekani, kituo cha CBS kilianza 60 Minutes Septemba 1968, na mwanzilishi wake, Don Hewitt, alitaka kitu kama jarida la kwenye meza: habari tatu nne tofauti ndani ya saa moja, kila moja ina mwanzo, mgongano na mwisho. Kazi nyingi nzuri zimetoka humo. Ila ikatokea jambo ambalo halikutarajiwa: kipindi kilipata watazamaji wengi mno, kikaanza kuingiza fedha. Kabla yake wenye vituo waliihesabu habari kama gharama ya heshima, unaitoa kama unavyotoa sadaka. Wakagundua kumbe inalipa, tena ni rahisi kuliko kuajiri waigizaji. Vituo vingine vya huko vikafuata: ABC wakaja na 20/20 mwaka 1978, NBC wakaja na Dateline mwaka 1992, na wenzao wengine. Kinapokuwa kisima kimoja na ndoo nyingi, maji huanza kutoka na tope.

Tope lilionekana upesi. Novemba 1992 Dateline walionyesha magari ya mizigo ya General Motors, wakidai matangi yake ya mafuta yanawaka gari likigongwa ubavuni. Wakagonga moja mbele ya kamera, likalipuka moto. Ambacho hawakusema ni kwamba waliofanya jaribio walikuwa wamefunga viwashio chini ya gari ili moto usikose. Kampuni ikachunguza, ikafungua kesi Februari 1993, na siku moja tu baada ya hapo NBC wakasoma kuomba radhi hewani. Mkuu wa habari wa kituo akajiuzulu mwezi uliofuata. Ninachowaambia wanafunzi wangu kila mwaka ni hiki: hoja ya matangi haikuwa ya kubuni, watu walishakufa na kesi zilishakuwepo mahakamani. Kipindi kilikuwa na ukweli mkononi kikaona hauna moto wa kutosha.

Na usidhani ni vituo vichanga tu. Mwaka 1995 Panorama walimhoji Diana, mke wa Charles, mrithi wa ufalme wa Uingereza, mahojiano yaliyotazamwa na dunia nzima. Ilichukua mpaka 2021 kwa uchunguzi wa jaji mstaafu kuthibitisha kwamba mwandishi, Martin Bashir, alitumia karatasi za benki za kughushi kujipenyeza kwa kaka yake Diana. Miaka 25! Kisha Novemba 2025 mkurugenzi mkuu wa BBC na mkuu wa habari wakajiuzulu, na safari hii dada, sikiliza vizuri, ni kosa lilelile lako. Panorama walichukua vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump, vilivyosemwa kwa kuachana karibu saa nzima, wakaviunga vikasikika kama sentensi moja. Yeye ana mawakili na ikulu. Wewe una kaunta na daftari.

Kwa hiyo, vimeharibika? Picha zimekuwa nzuri kuliko wakati wowote. Kamera ya leo inaona usiku, ile inayoruka angani inakuonyesha mikorosho ya Newala mpaka kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde palipo na bonde la Ruvuma, na sauti ni safi. Kilichopungua ni siku. Gari, mafuta, posho ya watu wanne na kulala wageni Newala kwa wiki nzima ni fedha ambayo vituo vyetu vingi havina, au havitaki kuitoa. Kuwaweka watu wanne studio wakabishana saa nzima ni rahisi kuliko kumpeleka mtu mmoja kijijini. Ndiyo maana vipindi vya viti na maiki vimejaa, na makala ya kwenda kuona kwa macho imebaki kwa mwenye mfadhili: wizara, shirika, kampuni, mradi. Si kila mfadhili anaingilia. Lakini mfadhili ana siku zake, ana gari lake, na ana jibu analolipenda hata kama hajalitamka. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa, hana ubavu wa kusema nabaki siku mbili zaidi.

Kuna na woga. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitoza vituo vitano vya televisheni jumla ya shilingi milioni 60 kwa kutangaza habari iliyotokana na ripoti ya kituo cha haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Ukiwa mhariri, baada ya hapo unaanza kupima: je, huyu ninayemgusa anaweza kunitoza? Waziri anaweza. Kampuni ina mawakili. Karani wa AMCOS hawezi. Ukali wote ambao hauendi juu unashuka chini, unakukuta wewe na mlango wako.

Utakumbuka msimu wa 2018. Wakulima waligomea bei za mnada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Televisheni zote zilikuwa huku. Malori ya jeshi yana picha nzuri, yamejipanga, yananguruma. Lakini habari iliyofuata, ya uhakiki wa mashamba, ya mkulima anayesubiri fedha, ya nani ni mkulima na nani ni mtu wa kangomba, yaani mlanguzi aliyekusanya korosho za wakulima kwa bakuli, ile ilikuwa ni watu wamekaa kwenye benchi na karatasi mkononi. Ilihitaji mtu wa kukaa nao. Kamera zilikuwa zimesharudi.

Na muziki ule wa kutisha nao una asili yake. Wengi tulikuwa tunafuatilia Jicho Pevu ya KTN, Kenya, ya akina Mohammed Ali na John-Allan Namu. Ilitikisa watu wakubwa, na Ali mwenyewe akaishia kuchaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Walikuwa na mtindo wao: sauti nzito, hatua za viatu gizani, ngoma inayodunda. Vijana wetu wakapenda. Wakaiga sauti, wakaiga viatu, wakaiga ngoma. Miezi ya kutafuta nyaraka hawakuiiga, kwa sababu hiyo haionekani kwenye kioo. Leo ngoma ileile inapigwa juu ya bei ya nyanya.

Ningekuwa mwongo nikikuachia hapo, maana kazi bora kabisa ya aina hii nayo ni ya miaka hii hii. Mwaka 2018 BBC Africa Eye walichukua video ya simu iliyosambaa, wanajeshi wakiwaua kwa risasi wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Kameruni ilisema ni uzushi, si kwao. Wale waandishi walitazama mstari wa mlima kwa nyuma, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakaupata, kaskazini mwa Kameruni. Kivuli cha askari kikawapa majira ya mwaka. Nyumba zilizokuwepo na ambazo hazijajengwa zikawapa mwaka. Na walionyesha yote haya hatua kwa hatua, ili wewe uliyekaa kwako uweze kubisha kama unaona wamekosea. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka kumi kila mmoja. Hakukuwa na ngoma kubwa. Kulikuwa na mlima.

Mimi siku hizi kipindi nakiamini kwa kiasi kile kinachonionyesha kilivyojua. Jina la kituo na suti ya mtangazaji nimeacha kuvihesabu.

Wakirudi. Mwaka 1979 60 Minutes walikwenda kwenye kampuni ya umeme ya Illinois Power iliyokuwa inajenga kinu cha nyuklia kwa gharama iliyopanda sana. Kampuni ikasema karibuni, kwa sharti moja: na sisi tutaweka kamera yetu pembeni, tutarekodi kila mnachorekodi. Kipindi kilipotoka, kampuni ikatengeneza kanda yake, ikaonyesha kilichotangazwa na kilichokatwa, sambamba, ikaisambaza nchi nzima. CBS wakalazimika kukiri baadhi ya makosa. Kampuni haikuwa malaika, kile kinu kweli kilikula fedha. Lakini ilikuwa na kitu ambacho wewe hukuwa nacho: nakala ya maneno yake.

Kamera yao ilikuwa ghali. Yako iko mfukoni. Mwambie kijana wa ofisini asimame pembeni na simu, arekodi kuanzia salamu hadi kuagana, na uwaambie mapema kwamba mnarekodi kwa kumbukumbu za chama. Mwandishi mwema atasema sawa. Asiyetaka, muulize kwa nini, kisha endelea kupokea korosho zako. Kabla ya kukaa, uliza kipindi kinaitwaje, nani amelipia safari, nani wengine watahojiwa, na wanakaa siku ngapi. Hilo la siku ndilo nalisikiliza kuliko yote. Wakisema wanaondoka jioni hiyo hiyo, jua wamekuja na skripti. Na wakikuuliza swali moja kwa mara ya tatu, kumbuka mzee wangu wa Tandahimba: kuna sentensi wanaitafuta. Rudia ile ile ndefu.

Namna ya kusema pia ina ufundi wake. Wewe ulianza na tatizo ukamalizia na sababu, ndivyo tunavyozungumza sote, na mkasi unapenda sana mpangilio huo kwa sababu mkia unakatika kirahisi. Geuza. Sema hivi: "Makato tuliyoyapitisha wenyewe kwenye mkutano mkuu, haya hapa ukutani, ndiyo yanayofanya mkulima asiipate bei yote ya mnada mkononi." Jaribu kuikata. Ukiondoa mwanzo haina kichwa, ukiondoa mwisho haina habari. Na uiseme umesimama karibu na lile tangazo, kidole kikiwa juu yake, wachukue uso na karatasi pamoja. Mlango uache wazi.

Malalamiko yaanzie kituoni kwenyewe. Andika barua kwa mhariri, si kwa mtangazaji. Usiandike "mmenidhalilisha" kurasa tatu; andika dakika na sekunde, neno lililobaki, neno lililoondolewa, kisha ambatisha muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha makato na picha ya tangazo la ukutani. Omba marekebisho yatoke kwenye kipindi hicho hicho, saa ile ile. Tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, Baraza la Habari Tanzania husuluhisha migogoro ya namna hii, na Kamati ya Maudhui ya TCRA ipo pia. Mimi ningeanza na Baraza. Huko mnakaa mezani na mhariri, na unaweza kumwomba alete mahojiano mazima.

Kijijini usisubiri barua. Itisha wanachama kwa utaratibu wenu, muhtasari usomwe kwa sauti na aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano ule, pamoja na majina ya waliounga mkono. Wengine wanaokuita mwizi walinyoosha mkono siku ile.

Baba yako asiache kutazama. Siku kipindi kingine kikitoka, cha korosho au cha samaki wa Mikindani au cha chochote, kaa naye, na mtu akiwa anasema kisha picha ikaruka ghafla kwenye mikono, mguse begani umwonyeshe.